Zawadi Nisiyoisoma Siku ya Uchaguzi

Mapendo mwanangu,

Umevuka mto kwenda Makiso na mama yako kutafuta sabuni ya njiani, nami nimebaki na nyumba, mvua na kalamu. Boti yako inaondoka kesho. Ya safari mama yako amekwisha kukuambia yote: ulale juu ya mzigo wako, maji uyachemshe, kwanga, ule mkate wa muhogo, uile mapema kabla haijachacha, na Tantine Odette atakungoja bandarini Kinshasa. Sina la kuongeza hapo. Yeye anajua kusafiri kuliko mimi, maana alitoka Butembo mpaka huku akiwa msichana, na mimi sijawahi kwenda mbali kuliko pale reli inapoishia.

Hili ninalokuandikia lilikuwa la kusemwa kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Juzi ulipokuwa unatwanga majani ya muhogo ya pondu nilivuta kiti nikaketi karibu nawe, ukaniuliza, "Papa, unatafuta nini?" nikasema natafuta kiberiti. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu.

Jumapili ijayo, baada ya misa, nitasimama mbele ya watu wa kartie yetu, mtaa mzima, niwaambie jambo. Wewe utakuwa mtoni. Nimengoja uondoke kwa sababu jambo lenyewe linakugusa, na sikutaka watu wakugeuzie macho ukiwa umeketi pale kwenye benchi. Lakini sitaki pia ulisikie Kinshasa kwa mdomo wa msafiri, likiwa limeongezwa chumvi au limepunguzwa. Ulisikie kwangu kwanza.

Ni kuhusu uchaguzi ule wa mjumbe wa baraza la komini yetu ya Lubunga, sehemu hii ya mji, ulipokuwa na miaka kumi na mitatu. Ni kuhusu Papa Seba, na Tonton Lituka uliyemhesabu mjomba, na mimi.

Wakati ule treni zilikuwa zimekwisha kusimama. Mimi nilikuwa bado karani wa reli, yaani kila asubuhi nilivaa shati lililopigwa pasi, nikaenda stesheni, nikaketi mbele ya dirisha la tiketi, nikarudi. Majani yalikuwa yameota katikati ya vyuma. Hakuna aliyenilipa. Nadhani nilikwenda ili unione natoka.

Basi wale walioushika mji wakati huo wakatangaza kwamba kila kartie ya Lubunga itachagua mjumbe wake wa kuketi katika baraza. Watu walicheka. Uchaguzi gani, na askari wa nchi mbili wanapita barabarani? Aliyekataa kucheka ni Lituka. Unamjua Lituka, mtu wa Isangi, mtu wa mto, hasemi sana. Alikuja pale stesheni, akaegemea dirisha la tiketi kama abiria, akaniambia:

"Etienne, iyo baraza itaamua mambo ya kivuko. Nani atavusha watu, nani atalipisha. Sisi wote tunakula kupitia kivuko. Kama tunaacha, watu wengine watakamata."

Alisema kweli. Huku upande wetu wa mto, daktari yuko ng'ambo, soko kubwa liko ng'ambo, duka la dawa liko ng'ambo. Mwenye kivuko ndiye mwenye shingo zetu.

Lituka akajitolea kugombea. Na Papa Seba pia, yule mfanyabiashara mwenye mtumbwi wa injini, aliyekuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. Hao wawili tu. Tukakutana katika uwanja wa shule kupanga namna ya kwenda, na hapo Lituka alisema neno ambalo mpaka leo naona ni neno kubwa kuliko yote niliyowahi kusikia katika mikutano ya mji huu.

"Mimi sina kitu ya kugawa," alisema. "Ningeweza kugawa samaki moja, lakini iyo samaki bibi yangu alisha kuiuzisha." Watu wakacheka, na mkewe, Mama Bolaya, akafunika uso kwa kitenge. "Bon. Mwenye kuwa na kitu, agawe. Mimi siwezi kumukataza. Lakini aseme mbele ya watu: nimegawa hiki, na fulani ndiye alinipatia. Iandikwe, isomwe siku ya kuchagua kabla watu hawajapanga mustari. Kama mutu anaficha, atoke mu mambo ya uchaguzi. Juu ya nini? Juu mwenye kumupatia leo, kesho atakuja kuomba yake."

Halafu Papa Seba mwenyewe akasimama. "Mimi sina shida. Papa Etienne aandike. Yeye iko mutu wa kweli, mutoto wa misioni."

Wakapiga makofi. Wakaniletea daftari la shule, wakaniweka kuwa mwandishi wa zawadi. Mapendo, sitakudanganya: nilirudi nyumbani siku ile nikiwa mrefu kuliko mlango. Tangu treni zisimame hakuna mtu aliyekuwa amenipa kazi.

Nilizunguka majuma mawili na daftari lile. Kwa Lituka hapakuwa na la kuandika, ila yeye alilazimisha. Mkewe alikuwa ametoa mtungi wa maji kwa watu waliokuja kumsikiliza kwenye jua. "Andika maji," aliniambia. Nikasema maji si zawadi. "Walikunywa, ao hawakunywa? Andika." Nikaandika maji. Papa Seba alinitajia mpira wa ngozi kwa vijana na mbao mbili za kanisa. Nani kakupa? "Mimi mwenyewe, kwa jasho yangu." Nikaandika.

Kisha ukaanguka wewe.

Najua unakumbuka ugonjwa ule, lakini unaukumbuka kwa ndani. Kwa nje ulikuwa hivi: homa siku ya kwanza, siku ya pili ulianza kuongea na bibi yako aliyekufa, siku ya tatu viganja vyako vilikuwa vyeupe kama karatasi hii. Muuguzi wa zahanati alikufunua jicho akasema damu imekwisha, huyu avushwe leo. Na siku zile tatu zilikuwa siku ambazo askari walikuwa wamekataza mtumbwi wowote kuvuka. Sijui kwa nini. Hawakuwa wanaeleza.

Lituka alikuja mbio aliposikia. Hakuuliza kitu, alishuka mpaka majini, akasukuma mtumbwi wake. Alitaka aone kwanza kama watamwacha apite; mimi nilingoja ukingoni nimekubeba. Hajafika mbali, risasi ikapigwa mbele yake, maji yakaruka. Akashika kasia juu kuonyesha hana silaha, akaonyesha kidole upande wetu, upande wako. Wakapiga ya pili karibu zaidi. Akarudi. Alipotia mguu kwenye udongo alikuwa analia, na mimi sikuwahi kumwona akilia. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Yeye ndiye aliyejaribu kwanza.

Saa ya adhuhuri Papa Seba akaja nyumbani. "Mutoto iko wapi? Lete." Mtumbwi wake wa injini ulikuwa na ruhusa. Hatukuuliza ruhusa hiyo imetoka wapi. Mama yako alikuwa tayari ameshakufunga kwenye kitenge.

Ndani ya mtumbwi palikuwa na magunia ya chumvi yamefunikwa turubai. Unajua chumvi ilikuwa nini wakati ule, tulikuwa tunachemsha samaki bila kitu na kumeza macho yamefumbwa. Juu ya magunia ameketi mtu mmoja, viatu safi, shati jeupe. Alikuwa mfanyabiashara aliyekula sahani moja na wenye silaha. Jina lake sitaliandika, halitakusaidia. Aliongea na Papa Seba kana kwamba mimi ni gunia mojawapo.

"Seba, kisha ya uchaguzi, kivuko iko yangu. Tumesikilizana?"

"Ndiyo, patron."

"Chumvi igawanywe nyumba kwa nyumba. Kimya kimya. Isiingie mu ile daftari yenu."

"Ndiyo, patron."

Papa Seba hakunitazama. Kichwa chako kilikuwa gotini pangu. Nilisikia kila neno.

Kule hospitali walisema damu hakuna, atafutwe mtu. Yangu haikukubali, ya mama yako haikukubali. Papa Seba akakunja shati, akanyoosha mkono. "Jaribu ya mimi." Ikakubali. Alilala kwenye kitanda cha pembeni, akakutazama, akaanza kukuchekesha na wewe hata hukumsikia. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mama yako hakutaka ujue. Aliona utaenda nayo duniani kama mzigo. Mimi naona una haki ya kujua ni nani aliyekupa damu, na kwamba alikupa kwa moyo. Sijapata kamwe kuamini kwamba alifanya hesabu yoyote pale. Mtu anaweza kuuza kivuko chako saa saba, na saa tisa akakupa damu yake. Nimeishi na mtu wa namna hiyo, nami ni mmoja wao.

Ulipopona tulirudi, na chumvi ikapita nyumba kwa nyumba, alfajiri, kikombe kimoja kila mlango. Kwetu kililetwa kama kwa wengine. Kwa Lituka hawakupita. Mama yako aliitia kwenye pondu, ukala sahani nzima, mara ya kwanza tangu ugonjwa. Ukasema, "Papa, leo pondu iko mutamu." Nikatoka nje.

Daftari lilikuwa kwenye sanduku. Nilikuwa na siku tano za kuandika mstari mmoja. Nilijiambia mambo mengi siku zile, na yote yalikuwa na sura ya busara. Kwamba nikiandika chumvi nitaulizwa nimejuaje, na nikisema nilikuwa ndani ya mtumbwi, nitakuwa namfukuza kwenye uchaguzi mtu ambaye damu yake bado inakwenda ndani ya mwanangu. Kwamba mwenye viatu safi ana rafiki wenye bunduki. Kwamba Lituka anaweza kushinda hata hivyo. Hili la mwisho ndilo lililonilaza usingizi.

Siku moja kabla ya uchaguzi nilimkuta Papa Seba kwenye bomba la maji. Akanishika mkono.

"Mutoto anaendelea?"

"Anaendelea."

"Mungu asifiwe."

Akaenda zake. Hakuniomba lolote, Mapendo. Nikitaka kumlaumu, hapo sipati pa kushika.

Siku yenyewe watu walijaa uwanja wa shule, na wewe ulikuwepo, uliketi kwenye kivuli cha darasa na wasichana wenzako. Utaratibu ulikuwa nisome, kisha wagombea wasimame, kila mtu apange mstari nyuma ya anayemtaka. Nilifungua daftari. Nikasoma: Lituka, mtungi mmoja wa maji, ametoa mkewe. Watu wakacheka kwa upendo. Nikasoma: Seba, mpira mmoja, mbao mbili, ametoa mwenyewe. Nikafunga.

Karibu kila mtu pale alikuwa amekula ile chumvi. Niliwaona wananitazama. Walikuwa wanangoja niiseme mimi, maana ndiyo kazi waliyonipa. Kama ningefungua mdomo, nadhani sauti kumi zingenifuata. Sikufungua, basi kila mmoja akadhani labda chumvi haihesabiwi, labda karani ana sababu yake.

Lituka akasema, bila ukali, "Papa Etienne, ni yote?"

"Ni yote," nikasema.

Halafu nikafanya jambo ambalo linaniuma kuliko lile la kwanza. Nilikwenda kupanga mstari nyuma ya Lituka. Nilifikiri hivyo nitakuwa nimempa kitu. Akageuka akaniona, akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote. "Aksanti, ndugu yangu." Mama Bolaya alikuwa mbele yangu, akageuka naye, akanitabasamia na lile pengo lake la jino. Mstari wetu uliishia kwenye mlingoti wa bendera. Mstari wa Seba ulizunguka darasa.

Yaliyofuata unayajua kwa nje. Kabla ya miezi miwili baraza lilimpa kivuko yule mwenye chumvi. Seba ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Mitumbwi yote ya kartie ikaamriwa ifungwe mahali pamoja, kwa mnyororo mrefu uliopita kwenye pete ya kila mtumbwi, na kufuli moja. Anayetaka kuvua au kuvusha alipe kwanza, walinzi wafungue. Lituka aliyeuchonga mtumbwi wake kwa mikono yake alikuwa anaomba kufunguliwa kila asubuhi. Alikwenda barazani kulalamika, akaambiwa mjumbe wenu ndiye aliyekubali.

Kisha zikaja zile siku za mabomu, majeshi mawili ya wageni yalipopigana juu ya vichwa vyetu. Unakumbuka ulikuwa chini ya kitanda na mama yako, na godoro limesimamishwa dirishani. Siku ya kwanza nilitoka, nikarudi jioni na mikono inatoka damu. Uliniuliza, nikasema nimeanguka kwenye vyuma vya reli. Sikuanguka.

Asubuhi ile Mama Bolaya alikuwa amevuka na kikapu cha samaki kwenda kuuza Makiso. Mabomu yalipoanza, watu wa ng'ambo walishuka wote mpaka ukingoni wakitaka kuja huku kwetu. Tuliwaona. Ni mbali, lakini tuliona rangi za vitenge na mikono ikipungwa. Na mitumbwi yetu yote ilikuwa upande huu, imefungwa. Walinzi walikuwa wamekimbia na ufunguo.

Nilimkuta Lituka na shoka. Alikuwa anapiga kufuli, na kufuli halikusikia. Papa Seba alikuwepo pia, kandambili mguu mmoja, anazunguka kama mtu aliyepotelewa na akili.

"Seba, ufunguo!" nilimpigia kelele. "Wewe si mujumbe?"

"Sina! Hawakunipatia! Hata siku moja hawakunipatia!" Alikuwa analia. "Etienne, naapa, mimi niliinua mukono tu."

Sijasikia tena mtu akieleza ujumbe wa baraza kwa maneno machache hivyo. Waliomlipia ndio waliokuwa na ufunguo.

Lituka aliacha kufuli, akaanza kukata mtumbwi wake mwenyewe, pale mbele, kuizunguka pete. Mti aliouchagua msituni kwa miezi akaukata kama kuni. Mimi nilishika mnyororo nikauvuta ili pete isicheze, nao ndio uliochana viganja vyangu. Seba alishika upande wa pili. Tulikuwa watatu pale, wale watatu wa uwanja wa shule. Pete ilipotoka Lituka aliingia peke yake, mtumbwi hauna mdomo, maji yanaingia, akapiga kasia.

Bomu lilianguka kule ukingoni kabla hajafika katikati.

Alirudi naye. Sitakuandikia alivyokuwa. Uliambiwa Mama Bolaya alikufa kwa mabomu, na ni kweli, kama watu wengi walivyokufa siku zile, na labda angekufa hata kama kivuko kingekuwa huru. Mama yako husema hivyo. Naweza kusema hivyo mchana mzima. Lakini alikuwa amesimama pale akingoja mtumbwi, na mimi najua kwa nini mtumbwi haukwenda.

Baada ya mazishi Tonton Lituka hakuja tena kwetu. Uliniuliza mara ngapi? Nikakujibu yuko matangani, kisha nikakujibu yuko Yanonge kwa ndugu zake, kisha ukaacha kuuliza. Ukweli ni kwamba wakati ule alikuwa bado hajui nilichosikia mtumbwini. Mimi ndiye niliyekuwa namkimbia. Nikimwona barabara hii, nashika ile.

Ulipita mwaka mzima ndipo nikaenda. Alikuwa anachonga mtumbwi mpya nyuma ya nyumba yake, magamba ya mti yamejaa kila mahali. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: mtumbwi wa injini, magunia, maneno niliyosikia, damu, siku tano, daftari. Hakuacha kuchonga mpaka nilipofika kwenye "ni yote." Hapo akaweka chombo chini.

"Ulisikia na masikio yako?"

"Nilisikia."

"Na ukakuja kupanga mustari nyuma yangu."

"Ndiyo."

Nilitaka anipige. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, mazuri, ya karani. Nilipoanza tu akainua mkono.

"Hapana. Usiniletee huku nyuma ya nyumba. Ile ulificha, uliificha mbele ya watu. Enda useme mbele ya watu."

Akaokota chombo chake.

Huo ni mwaka wa pili sasa tangu aniambie. Miaka miwili, Mapendo, kwa jambo la dakika tano. Mwanzo nilisema wenye silaha bado wapo. Walipoondoka nikasema uko shuleni, watu watakusema. Ulipomaliza shule nikasema vita vinaisha, kwa nini kufukua. Nilikuwa na sababu nzuri siku zote, na nimejifunza kuziogopa sababu zangu nzuri kuliko mabomu.

Sasa mto umefunguliwa. Boti zinashuka, na watu wameanza kusema kwamba amani ikitulia tutachagua tena, hata mabaraza ya komini. Mwezi uliopita wazee watatu walikuja hapa, ukawapa viti. Unajua walitaka nini? "Papa Etienne, ile mambo ya kuandika zawadi ilikuwa muzuri. Tuirudishe. Na tena wewe uandike, juu wewe iko mutu wa kweli." Niliwaambia nitafikiri.

Ile kanuni ya Lituka ilikuwa nzuri, na bado ni nzuri. Haikushindwa na Seba wala na mwenye chumvi. Nataka waifanye tena, na nataka wajue itavunjikia wapi, kwenye mkono wa mwandishi. Ndiyo maana Jumapili nitasimama.

Mama yako amekasirika. Ana haki yake. Jana aliniuliza, "Ulitaka afe? Kama siku ile ingerudi, ungemukatalia Seba ile mutumbwi yake?" Nikasema hapana. Ningepanda tena. Ningepanda mara mia. "Basi unatubu nini?" akaniambia. Natubu daftari, nikamjibu. Kupanda mtumbwi ule sitatubu hata mbele ya Mungu. Ningeweza kupanda, na kushuka, na kuandika. Seba angenichukia, labda, na wewe ungekuwa hai vilevile. Kwa muda mrefu niliyafunga mambo hayo mawili pamoja ili nikikuangalia nione kwamba sikuwa na njia. Nilikufanya wewe kuwa sababu yangu. Hilo ndilo ninalokuomba unisamehe wewe, na hilo tu. Mengine si yako.

Kinshasa watakupa vitu. Utakuwa mgeni, utakuwa na njaa siku nyingine, na watu wema watakunyooshea mkono, na wengine watakuwa wema kweli. Pokea. Mimi si baba wa kukuambia ukatae sahani. Ila ukiombwa kunyamaza, au hata usipoombwa na ukajikuta umeshaanza kunyamaza mwenyewe, ukumbuke uso wa baba yako, usingizi ukutoke.

Papa Seba yuko Bengamisa siku hizi, analima mpunga. Aliacha baraza wiki ile ya mabomu, akafunga mlango wake. Kila anayefika huko kutoka kwetu, yeye humwuliza habari zako. Sijui kama ni vizuri kumchukia. Mimi nimejaribu, nimeshindwa.

Leo asubuhi, ulipokuwa bado umelala, nilisikia "kokoko" mlangoni. Alikuwa Lituka. Hakuwa ametia mguu hapa tangu mazishi. Nywele zake zimekuwa nyeupe upande mmoja. Hakunipa mkono, nami sikunyoosha wangu. Akasema amesikia mtoto anakwenda.

"Kesho nitamuvusha mimi mpaka bandarini kule ng'ambo," alisema. "Asivushwe na mutu mwingine."

Nikamwambia Jumapili nitasema. Akatikisa kichwa kwamba amesikia, kama mtu anayesikia habari za mvua. Nikauliza, kwa nini basi unamvusha? Akatazama mlango wa chumba chako.

"Ile siku ya homa yake sikumufikisha ng'ambo," akasema. "Mutoto hana kosa."

Akaondoka.

Kwa hiyo kesho asubuhi utashuka na mama yako, na Tonton Lituka atakuwa anakungoja. Mimi nitabaki hapa juu, nyumbani, maana mahali pale si pangu kusimama. Msalimie kwa jina kama ulivyokuwa ukimsalimia ulipokuwa mdogo. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikuuliza kitu, mjibu kweli. Na katikati ya mto, hata moyo ukikusukuma, usimwombe msamaha kwa ajili yangu. Huo niachie mimi.

Baba yako,
Etienne